Themostati Si Mali ya Nchi za Baridi

Imani kwamba themostati ni kifaa kilichobuniwa kwa ajili ya nchi za baridi, na kwamba injini ya dizeli inayofanya kazi Afrika Mashariki haikihitaji, imeota mizizi katika gereji nyingi kiasi kwamba pikapu zilizokwisha kupita mikononi mwa wamiliki wawili watatu mara nyingi hazina tena kifaa hicho, na wanaoziendesha hawana habari. Imani hiyo hujitokeza waziwazi siku rejeta inapobadilishwa: ya zamani hufunguliwa, mpya hufungwa, maji ya bomba humiminwa, na themostati, kama bado ilikuwapo, hutupwa pamoja na mipira chakavu kwa maelezo kwamba inazuia maji yasipite. Maelezo hayo ni potofu, na madhara yake hayaishii kwenye kifaa kilichotupwa, kwa sababu ndiyo yanayofanya rejeta nzima zihukumiwe kuwa mbovu, zibadilishwe, kisha zibadilishwe tena, huku chanzo cha injini kuchemsha kikibaki palepale.

Kwanza ni vyema vitu vitajwe kwa kazi zake. Rejeta ni mkusanyiko wa mirija myembamba yenye mapezi, unaopokea maji ya moto kutoka kwenye injini, kuyapitisha mbele ya upepo wa feni na mwendo wa gari, kisha kuyarudisha yakiwa yamepoa. Themostati ni vali ndogo inayotosha kiganjani, ambayo hukaa kwenye njia ya maji kati ya injini na rejeta. Ndani yake mna kikombe kidogo cha chuma kilichojazwa nta. Maji yakipata moto nta huyeyuka na kutanuka, husukuma pini, na vali hufunguka. Maji yakipoa nta huganda, na springi huirudisha vali mahali pake. Muundo huu wa nta ulibuniwa na Sergius Vernet nchini Marekani katika miaka ya 1930, na tangu wakati huo haujapata mpinzani wa maana, kwa kuwa hauhitaji umeme wala mkono wa mtu. Halijoto ambayo vali huanza kufungukia hupigwa chapa juu ya kifaa chenyewe, na kwa injini nyingi za dizeli za pikapu huwa kati ya nyuzijoto 76 na 88.

Nambari hiyo ndiyo inayoiangusha hoja ya nchi ya joto. Haielezi hali ya hewa ya nje. Inaeleza joto ambalo injini ilisanifiwa kulifanyia kazi, na joto hilo ni lilelile iwe gari liko Mombasa au liko Ulaya ya kaskazini. Hewa ya Mombasa mchana wa Februari ikifika nyuzijoto 33, bado iko chini ya joto la kazi la injini kwa takribani nyuzijoto 50, kwa hiyo kwa macho ya injini pwani nzima ya Waswahili ni mahali pa baridi. Zaidi ya hapo, injini ya 1HZ ya lita 4.2, inayoendesha Land Cruiser za pikapu tangu mwaka 1990, soko lake kubwa limekuwa Afrika, Australia na nchi za Ghuba, mahali ambapo jua halina huruma, na bado hutoka kiwandani ikiwa na themostati. Kama kifaa hicho kingekuwa cha theluji tu, kiwanda kisingekuwa na sababu ya kukifunga kwenye gari linalopelekwa Oman. Na tena, anayesema Afrika Mashariki yote ni nchi ya joto hajapita Makete au Njombe alfajiri ya Julai, wakati sakitu imelala juu ya nyasi, wala Limuru na Timboroa wakati uohuo wa mwaka.

Hoja nzito zaidi iko ndani ya injini. Wengi hudhani themostati ni kizuizi tu, kama jiwe lililowekwa mlangoni, na kwamba likiondolewa maji yote yatakwenda kwenye rejeta kwa uhuru. Katika injini nyingi za pikapu, zikiwamo kadhaa za Toyota, sivyo ilivyo. Injini hizo zina njia ya mchepuko, yaani mfereji mfupi unaoyarudisha maji kwenye wota pampu bila kuyapitisha kwenye rejeta, ili injini iliyotoka kuwashwa ipate joto upesi na kwa usawa. Themostati yake ina sahani mbili: ya kwanza hufungua njia ya rejeta, na ya pili, iliyo upande wa chini, huziba mchepuko wakati huohuo. Fundi anapoitoa, huondoa zote mbili. Njia ya rejeta inabaki wazi, lakini na mchepuko nao unabaki wazi saa zote, na maji, ambayo hufuata njia nyepesi kama maji yoyote, sehemu yake huzunguka ndani ya injini yakiwa ya moto bila kuiona rejeta kabisa. Ndiyo maana vitabu vya ufundi vya Toyota vimeonya kwamba kuondoa themostati hupunguza uwezo wa kupoza, na kwamba isiondolewe hata kama injini ina tabia ya kuchemsha. Onyo hilo halionekani likitenda kazi kwenye barabara tambarare ya Chalinze, ambako upepo ni mwingi na mguu haukandamizi sana mafuta. Huonekana kwenye mlima Kitonga, pale pikapu iliyobeba mifuko 20 ya saruji, yaani tani moja kamili, inapopanda kwa gia ya pili, mwendo ukiwa mdogo na moto ndani ya silinda ukiwa mkali kuliko wakati mwingine wowote. Hapo ndipo kila lita ya maji inayokwepa rejeta inapodai malipo yake.

Haki inataka watetezi wa themostati nao wakosolewe wanapokosea. Wengi wao husema kwamba bila kifaa hicho maji hupita haraka mno kwenye rejeta na hivyo hayapati muda wa kupoa. Maelezo hayo yanavutia lakini si sahihi, kwa maana maji yanayokwenda haraka hurudi haraka pia, na kwa jumla mtiririko mkubwa ndani ya rejeta huondoa joto jingi zaidi, si dogo. Sababu za kweli ni mchepuko uliokwisha kuelezwa, na shinikizo: ule ubanaji mdogo wa themostati huyafanya maji yaliyo ndani ya bloku na silinda hedi yabaki na mgandamizo wa kutosha, ili yasichemke na kutoa mapovu ya mvuke kwenye kuta zenye moto mkali. Ukweli ukitetewa kwa sababu ya uongo, fundi makini huigundua sababu hiyo, na akiikataa huukataa na ukweli wenyewe.

Upande wa pili wa hasara hauna mvuke wala kelele, na kwa hiyo haulalamikiwi. Injini ya dizeli isiyo na themostati, ikitembea mtupu au kwenye mteremko, au ikiachwa ikinguruma bila mzigo, hushindwa kufikia joto lake la kazi. Dizeli haiungui yote, sehemu yake huteleza kwenye kuta za silinda na kuingia kwenye oili, na oili iliyochanganyika na dizeli hupoteza unene wake wa kulinda vyuma. Mvuke wa maji unaotokana na mwako hutulia kwenye kuta zilizopoa, hukutana na salfa, ambayo haijaisha kabisa hata katika dizeli iliyosafishwa ya siku hizi, na kuzaa tindikali inayokula silinda na ringi. Wahandisi wameujua ulaji huu wa baridi kwa miongo mingi. Katika injini mpya zaidi zinazoongozwa na kompyuta, kama 1KD na 1GD za Toyota, kihisi cha joto kikiripoti kwamba injini bado ni baridi, kompyuta huendelea kuilisha kwa utaratibu wa injini iliyoamka sasa hivi, na mwenye gari hulipa tofauti hiyo kila anapojaza tangi.

Kwa nini basi imani hii haifi? Kwa sababu imejengwa juu ya jambo dogo ambalo ni la kweli. Themostati iliyozeeka huweza kukwama ikiwa imefungwa, na hapo injini huchemsha kwa hakika. Fundi akiitoa, joto hushuka siku hiyohiyo, mteja hushukuru, na tiba ya dharura hugeuka kuwa kanuni. Kuitoa ili gari lifike nyumbani ni busara, lakini kuacha nafasi yake tupu ni sawa na kukata mguu uliochomwa na mwiba. Geji nayo hushiriki kudanganya, kwa kuwa mshale unaolala chini husomwa kama dalili ya afya, wakati kwa kweli unaonyesha injini iliyopoa kupita kiasi. Jambo la hatari zaidi ni kwamba maji yakipungua sana, kihisi hubaki kwenye hewa badala ya kuzama majini, na mshale huweza kushuka wakati hedi inaungua.

Hapo ndipo rejeta inapoingia kama mshitakiwa asiye na wakili. Pikapu ikichemsha, agizo la kwanza huwa ni kubadili rejeta, ingawa kuna mambo kadhaa yanayopaswa kuchunguzwa kabla yake, kama mkanda wa feni uliolegea, klachi ya feni iliyochoka ambayo huiacha feni izunguke bila nguvu, kava la feni lililovunjika, wota pampu iliyolika mabawa, na gasketi ya silinda hedi inayopitisha moshi wa mwako kwenye maji. Kifuniko cha rejeta, kitu cha bei ndogo kuliko vyote, hakitazamwi kabisa. Kifuniko chenye chapa ya 0.9 hushikilia mgandamizo wa karibu baa 0.9, na kwa mgandamizo huo maji yanayochemka kwa nyuzijoto 100 Dar es Salaam hayachemki mpaka yakaribie 119. Mbeya, kwenye mwinuko wa takribani mita 1,700, maji yaliyo wazi huchemka kwa nyuzijoto zipatazo 94 tu. Kwa hiyo gari lenye kifuniko kilichokufa springi, likiwa na themostati ya nyuzijoto 88, linabakiwa na nyuzijoto sita kabla ya kuchemsha. Gari hilo linaweza kubadilishiwa rejeta tatu na lisipone.

Na rejeta iliyokufa kweli, mara nyingi imeuawa na maji yale yanayosifiwa kuwa yanatosha. Maji ya visima vya Dodoma na Singida yana chumvi ambazo kila mpishi amekwisha kuziona zikiganda kuwa ukoko mweupe ndani ya birika, na ukoko uleule hujipaka ndani ya mirija ya rejeta. Shaba hupitisha joto zaidi ya mara 100 kuliko ukoko huo, kwa hiyo hata utando mwembamba huifunika rejeta kama blanketi. Ni kweli kwamba maji matupu hubeba joto vizuri kuliko kulanti, yaani mchanganyiko wa maji safi na glaikoli uliotiwa dawa za kuzuia kutu. Lakini faida hiyo huliwa yote na kutu na chumvi, hasa katika rejeta za alumini zenye matangi ya plastiki, ambazo fundi wa mtaani hawezi kuzichomelea kwa risasi kama alivyozoea kuchomelea zile za shaba. Anayemwaga unga wa bizari au yai bichi ili kuziba tundu huziba na mirija mizima.

Watakaopinga watasema kwamba themostati nyingi sokoni ni bandia, hukwama baada ya miezi michache, na kwamba ni salama kutokuwa nayo kuliko kuwa na mbovu. Malalamiko hayo yana msingi, lakini jibu lake ni sufuria. Themostati huning'inizwa kwa uzi ndani ya sufuria ya maji pamoja na kipimajoto bila kugusa kitako, maji hupashwa polepole, na mtu huangalia kama vali inaanza kufunguka karibu na nambari iliyopigwa chapa, kama inazidi kufunguka maji yakiendelea kupata moto, na kama inafunga vizuri yakipoa. Kazi hiyo haimalizi nusu saa, na kifaa chenyewe bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya rejeta, seuze ya kusawazisha hedi iliyopinda au kununua nyingine.

Kubadili rejeta ya pikapu ya dizeli, kwa hiyo, si kazi ya kufungua boliti nne na mipira miwili. Injini huachwa ipoe kabisa, maji machafu humwagwa, na bloku husafishwa mpaka maji yatoke meupe, la sivyo uchafu wa injini utaziba rejeta mpya katika wiki zake za kwanza. Kifuniko kipya na themostati iliyopimwa hufungwa, ile vali ndogo ya kutolea hewa ikielekezwa juu, kisha kulanti hujazwa taratibu huku injini ikinguruma na hita ikiwa imefunguliwa, ili hewa isinaswe ndani ya hedi. Mwenye pikapu anayelipia kazi hiyo asiondoke kwa kuonyeshwa rejeta inayong'aa. Adai kuiona themostati ikiwa imekaa mahali pake kabla kasha lake halijafungwa, na fundi akimwambia kwamba nchi hii haihitaji kifaa hicho, alipeleke gari lake kwa fundi mwingine.