Bunduki Ibaki Huku, Ufundi Uende Nyumbani

Wiki hizi kila ninayekutana naye ananiuliza jambo moja: "Kaka, ile bunduki yako ya samaki imekwisha? Unaipeleka nyumbani lini?" Jibu ni kwamba imekwisha, na haiendi nyumbani. Jibu hilo limezua ubishi mkubwa, na najua wapo washkaji wawili watatu wanaotaka kutengeneza za kwao wazifungashe kama zawadi ya mjomba. Kwa hiyo nimeomba nafasi hapa nitoe hoja yangu.

Kwanza tuelewane ni kitu gani, maana wenzetu wa bara wakisikia bunduki wanaogopa. Ni mti wa mita moja hivi. Mbele umefungwa mipira, juu umelaliwa na mshale wa chuma, nyuma una mpini na triga. Mzamiaji anabana pumzi, anashuka, anafyatua. Sisi wa pwani tumeiona tangu utotoni: kipande cha mti, mpira wa tyubu ya gari na nondo iliyonolewa. Hapa Uingereza ni mchezo halali baharini ukifuata kanuni za samaki wa eneo hilo. Mtoni na ziwani usijaribu; kwa England na Wales, sheria ya mwaka 1975 inakataza kumpiga mkuki samaki wa maji baridi.

Yangu ni ya msaji. Mti wenyewe una urefu wa sentimita 110, upana 4 na kimo 3. Sikuuchonga kwenye ubao mmoja. Nimebandika vipande vinne vya sentimita moja moja, vimesimama ubavu kwa ubavu, na kila cha pili nimekigeuza. Sababu yake ni rahisi. Mbao ni kitu hai, ikinywa maji au ikikauka inataka kupinda upande wake. Ukigeuza vipande, huyu akivuta kulia mwenzake anavuta kushoto, mti unabaki umenyooka. Msaji una mafuta, kwa hiyo unaufuta kwa asetoni kabla ya gundi. Na usikaze jiliwa kwa hasira, gundi yote itatoka pembeni ubaki na ubao mkavu.

Sasa kaboni inaingia wapi? Mipira ikivutwa inabeba nguvu ya makumi ya kilo, na inapita juu ya mti, siyo katikati yake. Basi mti unataka kujikunja kama upinde, na ukijikunja kidogo tu mshale hauendi ulikolenga. Hapo nimebandika utepe wa nyuzi za kaboni wa milimita 1 juu na mwingine chini. Ukakamavu wa msaji ni gigapaskali 12 hivi, wa utepe ule ni kama 130. Tena tepe zimekaa mbali na katikati ya mti, na katika kupinda, kitu kilicho mbali mara tatu kinasaidia mara tisa. Piga hesabu mwenyewe: tepe mbili zenye uzito wa gramu 140 zinafanya mti uwe mkakamavu zaidi ya mara tatu. Mwaka wa kwanza tulifundishwa fomula hii ubaoni, tukaikariri, tukafaulu. Nimeielewa siku nilipouweka mti ule juu ya matofali mawili, nikaukalia kabla ya kaboni na baada ya kaboni.

Kuelea nako ni hesabu. Mbao ile ina gramu 860 hivi, na inasukuma maji ya bahari ya gramu 1350. Ziada hiyo ndiyo inayobeba kaboni, triga na mshale wa gramu 390. Ukiwa na mshale inatulia majini, ukishafyatua inapanda juu yenyewe. Raha tupu, bwana.

Kama ni nzuri hivyo, kwa nini isiende nyumbani? Kwanza ni sheria. Kenya iliipiga marufuku kwa tangazo la Gazeti la Serikali mwaka 2001, pamoja na juya la kukokota. Tanzania nayo imo kwenye orodha ya zana haramu. Mjomba utakayempa zawadi hiyo umempa kesi.

Pili ni mwamba wenyewe. Anayewinda kwenye matumbawe anakanyaga, anashika, anachokonoa mashimo kumtoa samaki, na mshale ukikosa unavunja jiwe lililo hai. Samaki anayepigwa mara nyingi ni pono, maana ni mkubwa, hana mbio, na usiku analala palepale. Pono ndiye anayekwangua mwani usifunike matumbawe. Ukimmaliza yeye, mwani unachukua nafasi, na changu na tasi wanakosa nyumba. Sasa chukua bunduki ya tyubu inayofanya hayo, uibadilishe kwa yangu yenye nguvu na shabaha kuliko hiyo. Tutakuwa tumesaidia nini?

Dada mmoja wa Kilifi amenibishia kwa nguvu, na hoja yake ina uzito. Anasema bunduki inachagua samaki mmoja, juya linazoa mpaka watoto wa samaki. Anasema pia hiyo ni zana ya kijana asiye na mtumbwi wala nyavu, na kumnyang'anya ni kumwonea mnyonge. La kwanza nalikubali nusu: kweli inachagua, lakini inachagua mkubwa, yule anayetaga mayai mengi zaidi. La pili nalikubali lote. Kijana yule anahitaji njia ya kutoka pale mwambani kwenda maji makubwa, na njia hiyo ni chombo. Hapo ndipo sisi tunaosoma huku tunapoweza kuwa na la kufanya.

Fikirini habari ya mtumbwi wa ngalawa. Unachongwa kwenye shina moja la mwembe, nene na lililonyooka, na mashina ya namna hiyo siku hizi hayapatikani hovyo. Lakini kazi niliyofanya mimi ni kuunganisha vipande vidogo vikawa kitu kimoja chenye nguvu kuliko gogo. Mlingoti, foromali, kasia, miti ya pembeni inayoizuia ngalawa isipinduke, vyote vinaweza kutengenezwa hivyo. Msaji tunao, nendeni mkaone shamba la Longuza kule Muheza. Kaboni ni ghali, sawa, lakini faiba ya kioo ni nafuu na boti zake tayari ziko kwenye madiko yetu.

Msiniambie mafundi wa nyumbani hawapendi mambo mapya. Mwaka 2018 mafundi wa Lamu wakiongozwa na Ali Skanda walishusha majini jahazi la Flipflopi, limeundwa kwa plastiki ya takataka, na mwaka 2019 likatweka mpaka Zanzibar. Fundi yule hahitaji kufundishwa kuchonga. Anachoweza kukosa ni yale ambayo sisi tunayapata karakana za huku bila malipo. Epoksi inapimwa kwa mizani, siyo kwa jicho. Joto likipanda nyuzi 10 muda wa gundi kuganda unapungua kama nusu, kwa hiyo Tanga utachanganya kidogo kidogo. Alumini ikigusana na kaboni kwenye maji ya chumvi inaliwa haraka, lazima utenganishe. Vumbi la kaboni siyo la kuvuta, vaa barakoa na glavu.

Wengi wetu, tukitoka kubeba maboksi usiku na vipindi asubuhi, tunaona karakana ni mahali pa wengine. Tunarudi nyumbani na shahada ya uhandisi, halafu fundi randa anatuuliza gundi gani inafaa baharini tunabaki kukohoa. Hilo ndilo linaloniuma, kuliko habari ya bunduki.

Pendekezo langu kwa kamati: tuombe karakana Jumamosi moja kila mwezi. Asiyejua kushika randa aje, wa sheria na uhasibu pia waje. Tuanze na kasia, siyo bunduki. Atakayetaka bunduki nitamsaidia kwa masharti mawili: asiipakie mipira nje ya maji hata siku moja, na akimaliza masomo aiache hapahapa.

Mwenye hoja tofauti, ukurasa wa toleo lijalo uko wazi. Naomba kuwasilisha.