Gharama ya Gari na Haki ya Walio Mbali



Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) hutangaza bei kikomo za mafuta kwa miji na wilaya zote za Tanzania Bara. Wengi wetu hutazama mstari mmoja tu, ule wa mahali petu, kisha tukanung'unika na kwenda zetu. Tunawaalika kuisoma orodha yote, kuanzia Dar es Salaam hadi Kigoma na Kyerwa. Humo mtaona kwamba lita ileile, iliyoshushwa kutoka meli ileile, huzidi kupanda bei kadiri inavyosonga bara. Ndivyo ilivyo hata kwa jirani zetu wa Kenya, ambako mwenye gari wa Mandera hulipa zaidi ya mwenzake wa Mombasa.

Je, tofauti hiyo ni ya haki? Sisi twasema: sehemu yake ni ya haki, na sehemu yake si ya haki. Wajibu wetu ni kuzipambanua.

Tuanze na ile iliyo ya haki. Mafuta yetu hupokelewa katika bandari za Dar es Salaam, Tanga na Mtwara. Lori liyapelekayo Kigoma husafiri zaidi ya kilomita 1,200. Dereva wake hana budi kulipwa, matairi huchakaa, na mara nyingi lori hurudi tupu. Gari lenyewe nalo, likishatoka bandarini, lina safari hiyohiyo ya kufika kwa mnunuzi, na kila kipuri kitakachohitajika baadaye kitafuata njia iyo hiyo. Umbali huo haufutwi kwa amri. Wazee wetu wanakumbuka jinsi, katika miaka ya 1970, serikali ilivyonunua mahindi kwa bei moja nchi nzima. Wakulima wa Ruvuma na Rukwa walinufaika, nasi hatubezi nia ile njema. Lakini gharama ya kuyasafirisha haikutoweka, bali ilihamia katika madeni ya mashirika ya umma. Kwa hiyo hatudai bei moja kila mahali.

Sehemu ya pili ni ile itokanayo na maamuzi ya wanadamu. Kilomita mia za lami na kilomita mia za mashimo na tope si umbali mmoja. Katika njia mbovu gari hunywa mafuta mengi zaidi, springi hukatika, matairi hupasuka, na fundi hutembelewa kila mara. Mwenye gari wa kijijini huishia kulipa mara mbili: bei kubwa zaidi ya kila lita, na lita nyingi zaidi kwa safari ileile.

Kwamba jambo hili laweza kubadilishwa, tumeliona kwa macho. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, safari ya Lindi na Mtwara ilitegemea kivuko cha mto Rufiji. Kule Mwanza, magari yalipanga foleni kungoja kivuko cha Kigongo na Busisi hadi Juni 2025, lilipofunguliwa daraja la kilomita tatu juu ya ziwa. Mito haikuhama, wala ziwa halikukauka. Uamuzi ndio uliobadilika. Aidha, tumeona jinsi uzembe wa siku moja unavyoweza kutugharimu: barabara ikikosa makalavati ya kutosha, mvua hutukumbusha. Mwezi Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya ziliikata barabara ya kusini huko Somanga, wilayani Kilwa, na wasafiri wakakwama njiani.

Sehemu ya tatu ni kodi. Mwaka 2017 ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa, na mahali pake ushuru wa mafuta ukaongezwa shilingi 40 kwa kila lita ya petroli, dizeli na mafuta ya taa. Wenye magari walishangilia, kwa kuwa usumbufu ulipungua. Lakini tuutazame mzigo ulikoangukia. Mama asiye na gari, anayewasha kibatari kwa mafuta ya taa, aliongezewa shilingi zilezile. Tena, tozo ya barabara hukusanywa kwa lita. Basi anayepita njia mbovu, kwa kuwa huchoma lita nyingi zaidi, huchangia matengenezo ya barabara kwa kila kilomita kuliko yule anayeteleza juu ya lami. Asiyehudumiwa ndiye anayelipia huduma zaidi.

Huenda mtu akasema: mwenye gari ni tajiri, shida zake zatuhusu nini sisi wa Haki na Amani? Jibu ni kwamba gharama ya gari haikai kwa mwenye gari. Huingia katika mfuko wa saruji, katika gunia la mahindi ambalo mchuuzi hulinunua shambani kwa bei ya kutupwa akidai njia ni mbaya, na katika safari ya mjamzito kwenda hospitali ya wilaya. Viwango vya nauli vyenyewe vyakiri hivyo: nauli halali ya basi kwa kilomita moja ni kubwa zaidi katika barabara ya vumbi kuliko katika lami. Yaani maskini anayekaa vumbini hutozwa zaidi kwa sababu ya vumbi.

Basi haki yadai nini? Kwanza, fedha za barabara zigawanywe kwa kuzingatia mahitaji ya walio mbali, wala si wingi wa magari peke yake. Pili, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA), ulioanza kazi mwaka 2017, ueleze wazi katika kila kata ni njia ipi itatengenezwa na kwa fedha kiasi gani. Tatu, sisi wenyewe tuache kulalamika pembeni na kuanza kuuliza mbele ya wahusika. Diwani asiyeulizwa hana sababu ya kujibu.

Kwa majadiliano katika jumuiya zetu ndogondogo:

1. Bei kikomo ya petroli katika wilaya yetu inazidi ya Dar es Salaam kwa shilingi ngapi? Ni bidhaa zipi kwetu zinapanda pamoja nayo?

2. Ni njia ipi katika kata yetu hukatika wakati wa masika, na ni nani huumia kwanza?

3. Tutamtuma nani kwenye mkutano wa kata ujao, na ataulizia jambo gani moja?