Oveni Zimeingia, Waya ni Zile Zile

Ramadhani iliyopita, zikiwa zimebaki siku nne kufika Idi, dadangu anayeoka keki na biskuti za kuuza hapa Majengo alinipigia simu baada ya tarawehe. Plagi ya oveni ilikuwa imeyeyuka ikagandana na soketi, ukuta umekuwa mweusi. Alhamdulillahi, moto haukushika. Lakini oda za watu zilikuwa zinangoja, na pesa za unga na mayai zishatumika.

Mazoea yetu ni kulaumu kampuni ya umeme. Mara hii tuanze na nyumba zetu.

Soketi ya kawaida hubeba ampea 13. Kwa umeme wetu wa volti 240, hizo ni kama wati 3,000. Oveni ndogo ya mezani hula wati 1,500 hadi 2,000, kwa hivyo ikiwa peke yake haina neno. Balaa ni ekstensheni hiyo hiyo kutiwa na birika la umeme la wati 2,000. Fyuzi ikikatika, wako mafundi wanaotia kipande cha waya mahali pake. Huko ni kumfukuza mlinzi na kuacha mlango wazi. Na oveni kubwa yenye majiko juu yake haifai soketi kamwe. Yataka waya wake mnene na swichi yake.

La pili ni umeme mdogo. Ikikaribia magharibi, kila nyumba inapika futari na taa zinafifia. Volti zikishuka kutoka 240 hadi 200, oveni ya wati 2,000 hutoa kama 1,400 tu. Karibu theluthi ya moto imepotea. Ndio maana keki hutoka mbichi katikati na mwokaji akalaumu mayai. Hapa kampuni ina lake la kujibu, kwa sababu transfoma iliyoelemewa si kazi ya mpangaji.

La tatu ni mita ya pamoja. Tangu Aprili 2023, bei ya umeme wa nyumbani ina mafungu matatu: hadi uniti 30 kwa mwezi, hadi 100, na zaidi ya 100. Wapangaji sita wakitumia mita moja, wote huangukia fungu la juu, hata bibi mwenye taa moja. Kisha lawama humshukia mwenye oveni.

Kina mama wengi wa mtaani wanasomesha watoto kwa oveni hizi. Mwenye nyumba anayepokea kodi kila mwezi amlete fundi mwenye leseni ya EPRA aangalie waya kabla ya mwezi mtukufu, na kila mpangaji apate mita yake. Nasi wapangaji, umeme ukiwa mdogo, tuandike malalamiko pamoja, mtaa mzima, badala ya kila mtu kunung'unika barazani kwake.

Dadangu alimaliza oda zake kwa jirani. Mwaka huu soketi ile ingali nyeusi.