Mwalimu Aliyekwenda Kuonana na Bibi

Ndugu vijana, kila tarehe 30 Aprili, nchi yetu inapoadhimisha siku ya walimu, tunasikia hotuba nyingi. Tunawaita walimu nuru ya taifa, tunawapigia makofi, kisha tunarudi nyumbani. Sina neno baya juu ya hotuba hizo. Lakini naona kwamba mwalimu hashukuriwi kwa jumla. Hushukuriwa kwa jina lake, kwa jambo alilotenda, na kwa kinywa cha yule aliyetendewa.

Ipo barua moja inayoonyesha hayo vizuri kuliko hotuba. Iliandikwa tarehe 19 Novemba 1957 na Albert Camus, mwandishi Mfaransa aliyezaliwa Algeria mwaka 1913. Wengi wenu mmekwisha kukutana na jina lake katika masomo ya Kifaransa. Mwezi mmoja kabla alikuwa ametangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya fasihi. Alisubiri kelele zipungue kidogo, ndipo akamwandikia Louis Germain, mwalimu wake wa shule ya msingi. Alimwambia kwamba aliposikia habari ile alimkumbuka kwanza mama yake, na baada ya mama, yeye mwalimu.

Tazameni nyumba aliyotoka mtoto huyo. Baba yake alikufa mwaka 1914 kwa majeraha ya vita, mtoto akiwa hajatimiza mwaka. Mama yake alikuwa mzito wa kusikia, hakujua kusoma wala kuandika, na alifanya usafi katika nyumba za watu. Waliishi Belcourt, mtaa wa maskini mjini Alger, chini ya amri ya bibi. Bibi alikwisha kukata shauri: mtoto akimaliza shule ya msingi, atafute kazi, alete mshahara. Tusimhukumu upesi. Hata kwetu, ni nyumba ngapi ambamo msichana wa miaka 12 anaacha daftari kwa sababu beseni la ndizi analouza ndilo linalowalisha wadogo zake? Umaskini una hesabu zake, na si hesabu za kipumbavu.

Germain aliona kwamba mtoto anaweza kuendelea. Wengi wangeishia kuandika sifa nzuri katika ripoti ya shule. Yeye, kila siku baada ya masomo, alibaki na wanafunzi wachache na kuwaandaa kwa mtihani wa kupata msaada wa masomo ya sekondari, bila kudai malipo. Tena alikwenda mwenyewe nyumbani, akazungumza na yule bibi mpaka akakubali. Mwaka 1924 mtoto alifaulu.

Katika chuo cha ualimu tulijifunza kuandaa somo, kupanga ubao, kusahihisha madaftari. Sikumbuki somo lolote lililotufundisha namna ya kupiga hodi kwa mzazi aliyekwisha kuamua. Ndiyo maana nasema kwamba saa ile nyumbani kwa bibi ni sehemu ya ualimu, pengine iliyo ngumu kuliko zote, ingawa hakuna mkaguzi anayeiandika.

Germain alijibu kwa barua ndefu, na kwa bahati tarehe yake ni 30 Aprili, mwaka 1959. Humo anasema kwamba katika kazi yake yote alijitahidi kuheshimu haki ya mtoto ya kuutafuta ukweli mwenyewe. Alikuwa mtetezi wa shule isiyofungamana na dini yoyote. Sisi makatekista tunaweza kumsikiliza bila kukasirika. Anayefundisha imani analijua jaribu la kumsukuma mtoto aseme "ndiyo" kabla hajaelewa swali.

Mtu ataniambia: mnasifu kujitoa kwa mwalimu ili asahauliwe mshahara wake. Shutuma hiyo ni ya haki. Germain alilipwa na serikali. Saa alizotoa bure zilitoka kwa mtu ambaye nyumba yake ilikula. Kwetu, kwa miaka mingi wazazi ndio waliobeba sehemu kubwa ya malipo ya mwalimu, mpaka elimu ya msingi ya bure, iliyoandikwa katika Katiba ya mwaka 2006, ilipoanza kutekelezwa mwaka 2019. Madarasa yakajaa, lakini mifuko ya walimu wengi haikujaa. Barua ya shukrani hailipi kodi ya nyumba. Kijana anayempenda mwalimu wake na amwandikie, lakini pia, siku walimu wanapodai haki yao, asisimame pamoja na wanaowacheka.

Na mkiandika, andikeni kama Camus. Barua yake ni fupi. Haimwiti mtu nuru ya taifa. Inataja mkono ulionyoshwa kwa mtoto maskini, inataja mfano mwema, na inasema kwamba mwanafunzi yule bado ni mwanafunzi wake. Kwa hiyo msiandike "asante kwa yote". Andikeni siku yenyewe: uliponipa kalamu ya biki asubuhi ya mtihani, ulipokataa nifukuzwe darasani kwa ajili ya minervali, ulipomfuata baba mpaka sokoni. Walimu wengi wastaafu huketi viti vya nyuma katika Misa ya kwanza. Ambaye macho yake yamechoka, msomeeni.

Camus alikufa katika ajali ya gari tarehe 4 Januari 1960, miezi minane baada ya jibu la mwalimu wake. Mahali pa ajali palikutwa muswada wa kitabu juu ya utoto wake, ambamo Germain anaonekana kwa jina jingine. Ulichapishwa mwaka 1994, pamoja na barua zile mbili.