Bunduki Mpya Nyumbani

Mwezi uliopita niliahidi kuwaandikia juu ya ada za skuli. Nisameheni, hayo nimeyaweka kando, kwa sababu nyumbani kwetu hapa Maskati pameingia kitu ambacho hakijapata kuingia tangu wazee wetu watoke Unguja. Nimenunua bunduki.

Najua wengine mmeshashtuka. Hata mama yangu alishtuka, na yeye ana haki zaidi kuliko nyote. Lakini nipeni nafasi nieleze mambo kwa mpango.

Mke wangu kwao ni Sharqiyah, huko bara. Kila Idi tunakwenda kwa wakwe. Baada ya sala na chakula wanaume hutoka nje ya kijiji, wakasimamisha shabaha mbele ya kilima cha mawe na kupiga kwa zamu. Mara nyingi hutumia bunduki ndogo ya .22, ambayo Waarabu wa Ghuba wanaiita saktoon. Wazee huja na bunduki zao za zamani, na kwenye harusi huzibeba begani wakati wa razha. Kwa watu wale bunduki ni kama jambia: ni pambo, ni urithi, na ni alama kwamba kijana amekuwa mtu mzima.

Idi iliyopita mwanangu wa miaka 15 alipewa bunduki apige. Aliikamata kama mtu aliyekamata mwiko wa ubwabwa. Binamu zake wakacheka, na mmoja akasema, "Mwacheni, huyo Zinjibari, hawajui kushika bunduki." Hakusema kwa ubaya. Lakini sisi tuliorudi hapa baada ya 1970, Sultan Qaboos alipowafungulia mlango Waomani waliokuwa nje, neno hilo tunalijua uzito wake. Nyumbani tunazungumza Kiswahili, tunakula mkate wa kumimina, na miaka hamsini baadaye bado tunapimwa kama ni Waomani wa kweli au wa mkopo. Mtoto alinyamaza njia nzima ya kurudi. Tulipofika Seeb akaniuliza, "Baba, kwani sisi hatuwezi kujifunza?"

Nikaenda kuzungumza na mama.

Mama alikuwa na miaka tisa usiku ule wa Januari 1964. Nyumba yao ilikuwa shamba, nje ya mji. Alisikia bunduki kabla hajaelewa kinachotokea, na asubuhi yake hakumwona tena ami yake. Mpaka leo gari likipasuka tairi barabarani yeye huinuka kitini. Aliniambia, "Wanasema mtoto akililia wembe mpe. Miye nasema usimpe. Wembe unamkata mwenyewe, bunduki inamkata jirani."

Sikumjibu. Nilikaa na maneno hayo karibu miezi miwili. Kilichonigeuza ni kuwaza hivi: mwanangu ataendelea kwenda kwa wajomba zake, na bunduki ataikuta huko nikipenda nisipende. Bora ajue kuishika kuliko aishike bila ya kujua.

Basi nikaanza safari ya kibali. Hapa Omani silaha haiingii nyumbani bila ya leseni ya Polisi ya Kifalme ya Omani. Kila bunduki ina nambari yake iliyochongwa kwenye chuma, na nambari hiyo lazima ilingane na ile ya kwenye karatasi. Nilisubiri wiki kadhaa. Nyinyi mnaokuja kutembea, msije mkadhani kwamba kwa kuwa mnaona wazee wamebeba bunduki kwenye harusi, basi na nyinyi mnaweza kubeba. Mgeni asiguse bila ya kuuliza mwenyeji na bila ya kujua sheria.

Wakati nasubiri, nilikwenda Nizwa. Soko la Ijumaa la mbuzi mnalijua, na karibu yake kuna wanaouza majambia na bunduki kongwe. Niliona Martini-Henry, bunduki ambayo Waingereza waliipa jeshi lao mwaka 1871, inayotia risasi moja moja kwa kushusha mkono wa chuma chini ya kitako. Niliona pia Lee-Enfield ya .303 yenye magazini ya risasi 10, aina ile ile waliyobeba askari wa King's African Rifles kwetu Afrika Mashariki. Haikuwa ajabu kuzikuta huku. Mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 Maskati ilikuwa soko kubwa la silaha katika bahari yetu. Zilishushwa hapa kutoka Ulaya, zikapakiwa majahazini kwenda Uajemi na mpaka mipaka ya Afghanistan, hata mwaka 1912 biashara hiyo ikabanwa kwa kuwekwa ghala moja la serikali.

Nilitamani Martini moja, kitako chake kimepambwa fedha. Lakini chuma cha zaidi ya miaka mia, ambacho hujui kimepitia mikono gani, ni cha kutundika ukutani. Si cha kumpa mtoto aweke shavu.

Mwishowe nilinunua CZ 457 ya .22, inayotengenezwa Uherský Brod, Jamhuri ya Cheki. Magazini yake ni ya risasi 5, kitako ni cha mti wa jozi, na uzito wake haufiki kilo tatu. Muuzaji alinihakikishia kwamba imetoka kiwandani tayari, haina haja ya kujaribiwa. Msikubali maneno hayo. Bunduki mpya yenye darubini mpya ni kama miwani ya mtu mwengine: inaona, lakini haioni kama wewe.

Tulikwenda kwenye uwanja wa shabaha wenye kibali, mimi na mwanangu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Jua likipanda hapa, hewa juu ya mchanga hucheza kama mvuke wa chungu na shabaha huonekana inaogelea. Kwanza tulifungua komeo, tukatoa magazini, tukachungulia chemba kwa macho na kwa kidole. Kisha tukasafisha mtutu kutoka nyuma kwenda mbele, maana mafuta ya kiwandani yakibaki ndani risasi za mwanzo hupotea njia. Tukakaza skrubu za darubini. Bunduki tukailaza juu ya mfuko wa mchanga, ili kosa likitokea tujue ni la chombo na si la mkono.

Nilipiga tano kwa umbali wa mita 50. Zote zilikaa pamoja, lakini sentimita 6 chini ya shabaha na 4 kulia. Hiyo ni habari njema! Risasi zikitawanyika una tatizo la kutafuta. Zikikaa pamoja mahali pasipo pake, unazihamisha tu. Kwenye darubini nyingi, kila mlio mmoja wa kitufe ni robo ya dakika ya pembe, na kwa mita 50 hiyo ni kama milimita 3.6. Mwanangu alipiga hesabu kwenye simu: milio 17 kwenda juu, 11 kwenda kushoto. Tano za pili zilitua karibu na kitovu. Halafu tukabadilisha aina ya risasi, na zikatawanyika. Risasi nyengine, tabia nyengine. Kwa hiyo jaribuni aina mbili tatu, kisha mshikamane na moja.

Ikaja zamu yake. Alipiga vizuri kuliko mimi. Furaha ikanizidi, nikamwita jina kwa sauti. Akageuka kuniangalia, na bunduki mkononi ikageuka naye. Mdomo wa mtutu ukapita mbele ya watu watatu waliokuwa wamekaa nyuma.

Komeo lilikuwa wazi na ndani hamna kitu. Lakini msimamizi alishafika, akausukuma mtutu chini kwa kiganja, akaichukua bunduki na kumwambia mtoto akakae kivulini nusu saa. Kisha akanigeukia mimi na kunisema mbele ya watu, na alisema haki. Hiyo .22 tunayoiita ndogo, risasi yake inaweza kwenda zaidi ya kilomita moja na nusu. Mwenye kosa alikuwa mimi niliyemwita.

Njiani nilitaka kumwambia, "Bibi yako asijue." Nilimeza maneno hayo, nashukuru. Tulipofika, yeye mwenyewe alikwenda kukaa miguuni kwa bibi yake akamweleza yote, pamoja na watu watatu.

Mama alikaa kimya kirefu. Kisha akamuuliza, "Uliwaona nyuso zao?"

"Nimewaona, bibi."

"Basi usizisahau."

Halafu akanigeukia mimi na kutaka ufunguo wa kabati la chuma. Nilikuwa nimenunua kabati la kufunga ukutani, na risasi zina sanduku lake mbali. Nikampa. Akaufunga kwenye pindo la kanga yake. Sharti lake ni kwamba kila bunduki inapotoka, mtu aje amwambie inakwenda wapi, pamoja na nani, na inarudi saa ngapi. Mimi ni mtu wa miaka 46, na naomba ruhusa kwa mama kama navyoomba zamani kwenda kuogelea. Sioni haya.

Na sharti hilo limeshatufaa. Jamaa mmoja aliyekuja likizo kutoka Ulaya alitushawishi twende jangwani usiku tukapige paa, nyama ya kuchoma, picha za kupeleka kwa rafiki zake. Kuwinda wanyama hao hapa ni kosa kwa sheria. Na kuna hadithi ambayo kila mtoto wa Omani anapaswa kuijua. Choroa mweupe wa mwisho wa porini aliuawa mwaka 1972 Jiddat al-Harasis. Wakaletwa wengine waliozalishwa ughaibuni, wakaachiwa 1982, na mwaka 1994 UNESCO ikaitia hifadhi yao katika urithi wa dunia. Walifika kama 450 mwaka 1996, kisha wawindaji wa siri wakarudi. Mwaka 2007 walibaki kama 65, hifadhi yenyewe ikapunguzwa sana, na UNESCO ikaitoa kwenye orodha, ya kwanza duniani kutolewa. Mnyama aliyekwenda uhamishoni akarudi kwao, akakuta bunduki zinamngoja! Sisi watu wa Unguja, tukijijua tulivyokwenda na kurudi, tutampigaje?

Mwanangu ndiye aliyemjibu yule jamaa: "Ami, sisi ufunguo uko kwa bibi. Nenda ukamwombe." Hakwenda.

Neno la mwisho kwa wanafunzi. Mkialikwa kwenye shabaha, msichukue ganda la risasi kama ukumbusho mkalisahau mkobani. Uwanja wa ndege halitoonekana ukumbusho, na maelezo yenu yatakuwa marefu kuliko safari.

Idi inakaribia na tutakwenda Sharqiyah. Safari hii mama kasema atakuja na sisi. Atakaa ndani na wanawake, na mlango atauacha wazi. Nikirudi nitawaeleza, na zile ada za skuli sijazisahau. Wassalaam.