Walio mbali na milingoti wasipokonywe mawimbi ya setilaiti

KUZIMWA kwa mitambo ya analojia nchini Kenya mwaka wa 2015 kulinuiwa kuwaletea wananchi picha safi na idhaa nyingi. Hata hivyo, mawimbi ya dijitali yanayorushwa kutoka kwa milingoti huzuiwa na milima na hufifia masafa yanapokuwa marefu. Kwa familia zinazoishi yasikofika, kimbilio ni setilaiti, na mara nyingi dishi kubwa uani.

Ukubwa huo si fahari. Setilaiti za matangazo huwa juu ya ikweta, takriban kilomita 36,000 kutoka ardhini, na mawimbi yake hutufikia yakiwa hafifu mno. Dishi la upana wa mita 2.4 huteka mawimbi mara nne ya lile la mita 1.2, wala si mara mbili, kwa sababu kinachoyapokea ni uso wote wa dishi.

Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kadiri dishi linavyopanuka, ndivyo linavyohitaji kulengwa kwa makini zaidi. Kosa la digrii mbili hutosha kuipoteza setilaiti dhaifu. Upepo nao huusukuma uso huo kama tanga la jahazi. Nguzo isiyosimama wima ndani ya zege imara itayumba, na picha itakatika.

Gharama hiyo yote huubebwa na mwananchi mwenyewe, ilhali sasa anakabiliwa na tishio asiloweza kulizuia. Madishi makubwa hutegemea sana masafa ya kati ya gigahezi 3.4 na 4.2, ambayo hayaathiriwi sana na mvua. Masafa hayo yanamezewa mate na kampuni za simu. Mkutano wa kimataifa wa mawasiliano ya redio uliofanyika Geneva mwaka wa 2015 ulitenga sehemu ya kati ya gigahezi 3.4 na 3.6 kwa huduma za simu barani Afrika. Mlingoti wa simu wa kizazi cha tano ukisimikwa jirani, nguvu zake zaweza kuyafunika kabisa mawimbi ya setilaiti.

Vichujio vya kupunguza mwingiliano huo vipo. Swali ni nani atakayevilipia. Haitakuwa haki mkazi wa mashambani, aliyekwisha kujigharimia dishi baada ya kukosa mlingoti wa televisheni, kutozwa tena kwa sababu ya mlingoti wa simu. Wanaogawa masafa hawana budi kuzihesabu nyumba hizi kabla ya kutoa leseni, si baada ya skrini kuzimika.