TUONYESHWE MKATABA WA ULINZI



Tarehe 1 Desemba 2023 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliiondolea Serikali ya Somalia marufuku ya silaha iliyowekwa mwaka 1992. Jirani yetu anajenga jeshi lake upya baada ya vita virefu. Februari 2024 alipatana na Uturuki, na Agosti akapatana na Misri.

Sisi hatuna ugomvi na jambo hilo. Majeshi yetu yalivuka mpaka Oktoba 2011, na tangu 2012 yamekuwa chini ya bendera ya Umoja wa Afrika. Msomali akilinda nchi yake mwenyewe, kijana wetu atarudi nyumbani. Lakini lini? Kikosi kimeitwa AMISOM, kisha ATMIS, na tangu Januari 2025 AUSSOM, na kila jina jipya lina tarehe mpya ya kuondoka.

Wafanyakazi twajua mkataba ni nini. Mwajiri akisema amekubali, mengine baadaye, twamwambia aandike: mshahara, saa za kazi, fidia ya aliyeumia, na siku mkataba utakapokwisha. Katika mambo ya ulinzi twaonyeshwa picha za wakubwa wakishikana mikono, basi. Mwanzoni mwa Uhuru Kenya ilipatana na Ethiopia kulindana, na aliyeogopwa alikuwa Somalia hii hii tunayoisaidia leo. Mambo hugeuka, ndiyo sababu twataka maandishi.

Hapa Eldoret jambo hili si la mbali. Tarehe 15 Januari 2016 Al-Shabaab walivamia kambi yetu ya El Adde, na wengi wa vijana walioanguka walitoka Moi Barracks, hapa hapa. Tarehe 27 Marais watatu, wa Kenya, wa Somalia na wa Nigeria, walikuja katika kambi hiyo kuwaombea. Rambirambi zilitolewa, hesabu ya waliokufa haikutolewa. Mwezi uliofuata Rais wa Somalia aliitaja katika televisheni, karibu watu 200, na Serikali yetu ikakana, lakini hesabu yake yenyewe haikuitoa. Kiwanda kikiungua na mwajiri akakataa kusema ni wangapi waliokuwa ndani, chama gani kingenyamaza?

Mwezi ule ule wa Januari Umoja wa Ulaya ulipunguza kwa asilimia 20 fedha za posho za askari wa Afrika walioko Somalia. Hapana aliyewauliza askari. Nao wangemtuma nani kusema? Kifungu cha 24 cha Katiba ya 2010 charuhusu sheria kuwapunguzia askari haki ya kuungana tuliyo nayo sisi. Wako wanachama watakaosema mambo ya jeshi si ya chama. Je, mtoto wa fundi wa Huruma akiandikwa jeshini, si wetu tena?

Kifungu cha 240 chataka Bunge likubali kabla ya majeshi kupelekwa nje kulinda amani. Mwaka 2011 askari walitangulia, Bunge likafuata. Safari hii twamtaka Mbunge wetu wa Turbo aulize Bungeni: tumemwahidi nini jirani, na yeye ametuahidi nini? Silaha zake zikiangukia mikononi mwa Al-Shabaab, nani atajibu? Na wajane wa El Adde, kila mmoja amelipwa haki yake yote?

Barua iko tayari ofisini. Wanachama waje kutia sahihi kabla ya siku ya mshahara.